Ni kabila au ni mfuko? Jibu kwa mwalimu aliyeuliza kuhusu mlo wa watoto

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa langu lina watoto 41 wa asili mbalimbali. Nimesoma muhtasari wa utafiti uliolinganisha ubora wa mlo wa watoto kwa kabila na kwa hali ya maisha ya wazazi. Unasema watoto wa makabila mawili wana mlo duni kuliko wenzao, na kwamba "hata baada ya kuzingatia kipato na elimu ya wazazi" tofauti ilipungua lakini haikuisha. Mwenzangu ofisini akasema: basi hiyo iliyobaki ni mila zao. Nikabisha, nikasema ni umaskini tu. Tumebishana hadi kengele ya mwisho. Nani yuko sahihi, na mimi darasani nifanye nini?

Jibu: Mwalimu, huku salama. Nianze kwa kuwaudhi wote wawili: mwenzako amekosea, nawe umekosea, ingawa kosa lako ni dogo. Tofauti iliyobaki baada ya "kuzingatia kipato na elimu" ni salio tu. Ni kile kilichosalia baada ya watafiti kutoa vitu walivyovipima, tena kwa kadiri walivyoweza kuvipima. Ndani ya salio hilo mna mila, mna umaskini ambao dodoso halikuunasa, mna mtaa anaoishi mtoto, mna saa ambayo mama anatoka kazini, na mna makosa ya kipimo chenyewe. Kulipa jina moja ni kama mtu aliyekuta nyama imepungua sufuriani, akawauliza watoto wawili, wakakana, basi akamchapa paka. Huenda ni paka kweli. Lakini ushahidi wa kumchapa hana.

Kabla ya kabila na kabla ya kipato, kuna jambo ambalo muhtasari wa namna hiyo hulipita haraka: hiyo alama ya ubora wa mlo ilipatikanaje?

Nimekaa na watoto wengi nikiwa na dodoso mapajani, na mazungumzo huenda hivi. Mtoto ana miaka 9, mama yake yuko pembeni. "Jana ulipoamka ulikula nini?" "Chai na mkate." "Mkate ulipakwa kitu?" Mtoto anamtazama mama. "Siagi," anajibu mama. Mtoto anafungua mdomo kidogo kama anayetaka kusahihisha, halafu anajirudi. Naandika siagi. "Baada ya hapo?" "Sikula." "Hadi mchana?" "Rafiki yangu alinigawia biskuti." Mama anageuka, biskuti hiyo haijui. "Ngapi?" "Mbili. Hapana, moja na nusu." Hapo bado sijauliza unene wa kipande cha mkate, wala vijiko vya sukari, wala kama chai ilikuwa na maziwa. Hii ndiyo kumbukumbu ya saa 24, na ni miongoni mwa njia nzuri tulizo nazo. Siagi ile mimi siiamini hadi leo.

Njia nyingine, ambayo ni rahisi zaidi kwa utafiti wa watu maelfu, ni dodoso la marudio ya ulaji: orodha ndefu ya vyakula, na mzazi anaulizwa kila kimoja mtoto hukila mara ngapi kwa wiki au kwa mwezi. Shida ni kwamba orodha ina mtunzi. Ikitungwa kwa kufuata jiko la walio wengi, mboga ambayo familia za walio wachache hupika karibu kila siku inaweza isiwemo kabisa. Mama anapita mstari kwa mstari akijibu "hapana, hapana, mara moja, hapana," na mwishoni kompyuta inaandika kwamba mwanawe hali mboga. Mtoto amekula mboga wiki nzima. Iliyokosekana ni mstari wake kwenye karatasi. Tafiti nzuri huongeza vyakula vya makundi yote kwenye orodha na kuijaribu kwa kila kundi kabla ya kuanza. Sehemu hiyo isipotajwa katika maelezo ya mbinu, mimi husoma matokeo nikiwa nimekunja uso.

Hata orodha ikiwa nzuri, alama zenyewe zina siasa zake. Chukua kipimo cha Shirika la Afya Duniani na UNICEF cha watoto wa miezi 6 hadi 23, kinachohesabu mtoto amekula makundi mangapi ya chakula kwa siku. Zamani makundi yalikuwa 7, na aliyefikisha 4 alihesabiwa kuwa na mlo mchanganyiko wa kutosha. Maziwa ya mama hayakuwa na kundi. Kuanzia 2017 utaratibu ukabadilishwa, na mwongozo wa 2021 ukauthibitisha: makundi ni 8, maziwa ya mama yakiwa mojawapo, na kiwango cha chini ni 5. Fanya hesabu uone. Anayenyonya hakubadilikiwa na kitu, maana makundi manne ya sahani pamoja na titi ni matano. Asiyenyonya sasa anatakiwa kuyapata yote matano sahanini. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, mama maskini hunyonyesha kwa muda mrefu kuliko mama mwenye nacho. Kwa hiyo pengo kati ya maskini na tajiri linaweza kusogea kwenye jedwali bila mtoto hata mmoja kubadilisha tonge. Mabadiliko yenyewe nayaunga mkono, kwa sababu kipimo cha zamani kilimnyima haki mtoto anayenyonya. Lakini ona jinsi uamuzi wa mezani unavyoamua nani aitwe mlaji duni.

Marekani wana kipimo chao cha ulaji bora, chenye jumla ya alama 100 na vipengele 13. Maziwa na bidhaa zake, pamoja na kinywaji cha soya kilichoongezwa virutubishi, yana alama 10 peke yake. Sasa, takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani mwili wao haumeng'enyi vizuri sukari ya maziwa, na uwezo huo huanza kupungua tangu utotoni. Familia ambayo kila mtu akinywa maziwa tumbo linamsokota itapunguza maziwa, jambo la akili kabisa, na mtoto atapoteza alama. Zikigawanywa kwa asili, alama hizo zitaonekana kama "tofauti ya kikabila katika ubora wa mlo."

Jingine kuhusu kipimo hicho hicho: watoto wa Marekani kwa ujumla wao hupata alama hamsini na kitu kati ya mia, na zinapungua wanapoingia ujana. Kundi linaloitwa la juu halijafaulu. Ukisoma kwamba kundi fulani liko chini ya lingine kwa alama tatu au nne, kumbuka kwamba wote wamekaa upande ule ule wa mto. Katika tafiti nyingi, tofauti iliyomo ndani ya kabila moja ni kubwa kuliko iliyopo kati ya kabila na kabila. Wastani hauonyeshi hilo hadi utafute kipimo cha mtawanyiko, yaani jinsi alama za watoto zinavyopishana, ambacho kwenye muhtasari hakipo.

Sasa mfuko.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kuliko yote katika uwanja huu kwa sababu hauna binadamu ndani yake. Mwaka 2002 watafiti Nicole Darmon, Elaine Ferguson na André Briend waliipa kompyuta mlo wa kawaida wa Wafaransa na amri moja: punguza gharama hatua kwa hatua, nishati ibaki ile ile, na usiuache mbali mlo waliouzoea. Kompyuta ikaanza kukata. Ilipunguza matunda na mboga, ikapunguza nyama na maziwa, ikaongeza nafaka, vitamu na mafuta. Mlo uliotoka ulifanana na unaokutwa kwenye kaya za kipato cha chini. Kompyuta haina kabila, haijalelewa na bibi, haitazami matangazo, wala haihitaji kuelimishwa kuhusu lishe. Iliminywa bajeti tu. Kila ninaposikia mtu anasema maskini wanakula vibaya kwa kutojua, namkumbuka mlaji huyo asiye na tumbo.

Sababu ni ya kihesabu. Wanga mweupe, mafuta na sukari vinatoa nishati nyingi kwa fedha kidogo, vinakaa bila kuoza, na vinashibisha. Matunda na mboga za majani ni maji kwa sehemu kubwa. Unalipia vitamini na nyuzinyuzi, njaa inabaki palepale. Mzazi mwenye fedha chache hununua shibe kwanza, na angekuwa mjinga kama asingefanya hivyo.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye risiti. Mtoto mdogo hukataa ladha mpya, ndivyo alivyoumbwa, na tafiti za ulishaji zinaonyesha kwamba huenda akahitaji kuonjeshwa mara 8 hadi 15 kabla hajaikubali. Sasa jiweke jikoni kwa mama mwenye fedha ya chakula cha siku moja. Amenunua boga. Mtoto analigusa kwa ulimi, anakunja uso, anasukuma sahani. Mama mwenye akiba atalitupa, atampa kitu kingine, na kesho kutwa atajaribu tena. Huyu wa kwanza akitupa, chakula cha jioni kimekwenda. Mara ya pili hatajaribu. Atanunua kile anachojua kitaliwa chote. Mwanasosholojia Caitlin Daniel aliandika juu ya jambo hili mwaka 2016 baada ya kuzungumza na wazazi wa vipato tofauti nchini Marekani na kuwafuata wengine madukani: wazazi wa kipato cha chini walikwepa vyakula ambavyo watoto wangeweza kuvikataa. Miaka inapita, mtoto anakua hapendi mboga, na mtu wa dodoso anapofika anaandika "upendeleo wa mtoto." Ulianza kama upungufu wa fedha, ukageuka kuwa ulimi.

Hapo ndipo ninapomrudia mwenzako. Ulimi huo ni mila au ni umaskini?

Na hapo hapo nakurudia wewe, kwa sababu "ni umaskini tu" nayo haisimami peke yake. Ripoti ya UNICEF ya 2024 kuhusu umaskini wa chakula kwa watoto ilikadiria kwamba watoto milioni 181 walio chini ya miaka 5, yaani asilimia 27, wanaishi katika hali kali: kwa siku wanapata makundi mawili ya chakula au pungufu. Ungetegemea wote watoke kwenye kaya maskini. Waliotoka kwenye kaya maskini walikuwa asilimia 46. Waliobaki wametoka kwenye kaya ambazo si za chini kwa viwango vya nchi zao. Kwa hiyo kuna kitu zaidi ya fedha: chakula kinachopatikana jirani, mazoea ya kulisha, muda, na vitu vitamu vya paketi vinavyouzwa kwa jina la chakula cha mtoto.

Tuje kwenye maneno yaliyowagombanisha, "baada ya kuzingatia kipato na elimu." Hapa nitakaa kidogo.

Chukua familia mbili za kubuni. Zote zinaingiza 100 kwa mwezi, fedha yoyote unayotaka. Ya kwanza ni watu wanne kwenye nyumba waliyorithi, hawadaiwi. Ya pili ni watu saba, kodi ya nyumba ni 35, na 15 huenda kwa wazee waliobaki kule familia ilikotoka. Ya kwanza ina 25 kwa kila kichwa. Ya pili imebaki na 50 kwa watu saba, yaani 7 na ushee kwa kichwa. Tofauti ni zaidi ya mara tatu. Kwenye dodoso, zote zimetiwa alama ya vema kwenye kisanduku kimoja, "kipato cha kati." Kompyuta ya mtafiti inaziona ni pacha. Kama familia za aina ya pili ni nyingi zaidi katika kabila fulani, watoto wake wataonekana kula vibaya kuliko wenzao "wenye kipato sawa," na tofauti hiyo itaandikwa jina la kabila.

Watafiti makini hugawanya kipato kwa idadi ya watu, na hilo husaidia. Mali iliyolimbikizwa ni ngumu zaidi. Uchunguzi wa fedha za kaya wa benki kuu ya Marekani wa 2022 ulikuta mali ya kaya ya kati (ile inayoangukia katikati ukizipanga zote kwa mali) ya Wamarekani weupe ni takriban dola 285,000, na ya Wamarekani weusi takriban dola 44,900. Ni zaidi ya mara sita, na pengo la mali linabaki hata ukilinganisha wenye kipato kinacholingana. Mali ndiyo inayoamua kinachotokea mwezi ambao mtoto ameugua na kibarua kimekatika. Mwenye akiba anaendelea kununua matunda. Asiye nayo anashuka kwenye wanga. Dodoso linalouliza mshahara peke yake halioni mwezi huo.

Elimu ina mtego wake. Watafiti wa Born in Bradford, mradi wa Uingereza unaofuatilia watoto waliozaliwa katika mji wa Bradford kuanzia 2007, ambao karibu nusu yao wana asili ya Pakistani, walionyesha kwamba vipimo vya kawaida vya hali ya maisha havibebi maana ile ile katika makundi mawili makubwa ya mji huo. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Mama mwenye shahada aliyoipata nchi nyingine, ambayo mwajiri haitambui, amewekwa kwenye safu moja na mama mwenye shahada ya hapo aliyepata kazi inayolingana nayo. Cheti ni kile kile, mfuko ni mwingine.

Halafu kuna suala ambalo hata wanafunzi wa shahada ya pili huwachanganya. Tuseme watu wa kabila fulani wananyimwa kazi nzuri kwa sababu ya kabila lao, kwa hiyo kipato chao ni cha chini, kwa hiyo watoto wao wanakula vibaya. Ukisawazisha kipato kwenye hesabu, yaani huko "kuzingatia kipato," umefuta sehemu ya njia ambayo kabila limepitia kumfikia mtoto, kisha unasema "athari ya kabila ni ndogo." Usiposawazisha, unasema ni kubwa. Namba zote mbili ni halali. Zinajibu maswali mawili tofauti. Ya kwanza inauliza pengo gani lingebaki kama vipato vingekuwa sawa. Ya pili inauliza watoto hawa leo wanapishana kiasi gani. Wewe na mwenzako mlikuwa mnabishana kila mtu akiwa na swali lake mkononi.

Je, mila hazina kazi? Zina kazi kubwa, ila mara nyingi zinavuta upande usiotarajiwa. Marekani, watoto wenye asili ya Mexico katika chambuzi kadhaa wamepata alama sawa na za watoto weupe au juu kidogo, ilhali kwa wastani familia zao zina kipato cha chini. Maharage na matunda vinachangia. Kadiri familia inavyozidi kukaa nchini humo, kizazi kwa kizazi, ndivyo maharage na matunda yanavyopungua na vya kusindikwa kuongezeka. Kwa maneno mengine, mila ilikuwa ngao ya mfuko mdogo, na ngao ikachakaa. Ukimwambia mama huyo kwamba tatizo ni mila zake, umemwambia atupe alichobaki nacho.

Bradford nako picha haikunyooka. Walipolinganisha ulaji wa watoto wa miezi 12 na 18, wale wenye asili ya Pakistani walikula matunda zaidi na nyama za kusindikwa kidogo mno kuliko watoto weupe wa Uingereza. Chipsi walikula zaidi, na vitamu vya watoto vya viwandani zaidi. Nani ana mlo bora hapo? Inategemea unatazama nini. Ukivijumlisha vyote kuwa alama moja, mazuri yanafuta mabaya, na unabaki huna hata jambo moja la kumshauri mzazi. Ndiyo maana napendelea matokeo yanayotaja chakula kwa chakula kuliko alama ya jumla.

Kuna wanaosema dawa ni maduka: peleka matunda mtaani, watu watakula. Hilo nitalipita upesi. Mwaka 2019 mwanauchumi Hunt Allcott na wenzake walichapisha uchambuzi mkubwa wa manunuzi ya kaya za Marekani. Duka kubwa jipya lilipofunguliwa, watu wa jirani walihamia kununua huko, lakini vilivyomo kwenye kapu havikubadilika sana. Walikadiria kwamba kuwapa wenye kipato cha chini bidhaa na bei zile zile za wenye kipato cha juu kungepunguza tofauti ya ubora wa manunuzi kwa takriban asilimia 10 tu. Iliyobaki wakaiweka upande wa mnunuzi. Wapo waliosoma hapo wakaona neno "mila" ingawa halikuandikwa. Mnunuzi ana bajeti, ana saa mbili baada ya kazi, ana jiko linalowaka au lisilowaka, na ana mtoto mwenye ulimi ule niliousimulia. Salio lingine hilo, Mwalimu.

Sasa darasani. Ushahidi ulio imara zaidi kuhusu nini hupunguza pengo uko kwenye chakula chenyewe kinachotolewa shuleni, kuliko kwenye mahubiri kuhusu chakula. Marekani ilibadili viwango vya mlo wa shule kuanzia 2012: nafaka isiyokobolewa, mboga na matunda zaidi, chumvi kidogo. Uchambuzi wa vyanzo vya chakula kati ya 2003 na 2018 ulikuta kwamba sehemu ya mlo wa shule wenye ubora duni kwa watoto ilishuka kutoka zaidi ya nusu hadi karibu robo. Kilichonivutia zaidi ni kwamba shuleni mafanikio yaliwafikia watoto wa vipato na asili zote kwa usawa, wakati kwenye chakula cha madukani na migahawani mapengo yalibaki au yalipanuka. Sahani ya shule haimuulizi mtoto baba yake ana nini.

Kama shule yako inatoa mlo, basi sauti yako kwenye kamati ya chakula ina uzito kuliko vipindi kumi vya lishe. Omba mboga ile ile irudi mara nyingi, hata kama wiki za mwanzo inarudi jikoni nusu sahani. Kumbuka zile mara 8 hadi 15. Shule ikibeba hasara ya kuonja, mama wa boga anapumua; mtoto akishaizoea shuleni, mama ataweza kuinunua bila kuogopa kuitupa. Na mpe mtoto muda wa kula. Nimeona shule ambako foleni inameza robo tatu ya mapumziko, na wa mwisho kwenye foleni anakunywa supu akiwa amesimama. Hakuna mwongozo wa lishe unaoweza kuokoa dakika tano.

Kama shule haitoi mlo na watoto huja na vyao, naomba jambo moja kwa nguvu: usikague vyombo vyao mbele ya wenzao, hata kwa kusifia. Ukimsifia aliyeleta tufaha, umemsema aliyeleta mkate mkavu. Mtoto akiaibishwa, mlo haubadiliki. Anajifunza kula kwa kujificha au kusema hana njaa, na siku mtu wa dodoso akija atamdanganya. Unapofundisha makundi ya vyakula, waulize watoto kwanza kwao wanapika nini, uandike ubaoni, halafu myapange makundi kutokana na majibu yao. Utashangaa mbegu, kunde na majani mangapi yatakayojaa ubao ambayo kitabu cha kiada hakiyataji. Na yule mtoto wa lile kabila "lenye mlo duni" huenda ndiye atakayekuletea kundi ambalo wengine wote hawana.

Kuhusu mwenzako, msiubishanie tena muhtasari. Tafuteni utafiti mzima, mfungue jedwali la kwanza, lile linaloeleza washiriki. Hesabuni ndani ya kila kabila ni watoto wangapi wenye wazazi wa kipato cha juu, na wangapi wa kipato cha chini. Mkikuta kabila moja lina watoto 300 wa kipato cha chini na 11 wa kipato cha juu, na lingine ni kinyume chake, basi mtafiti alikuwa anawalinganisha watu ambao karibu hawakutani popote, na ile "baada ya kuzingatia kipato" imesimama juu ya mabega ya watoto kumi na mmoja. Kisha tazameni dodoso lilikuwa kwa lugha gani, na nani aliyejibu, mama au mtoto. Kama ni mama, muulize mwenzako kuhusu siagi.